Nyimbo tatu kabla ya vunja jungu

Alinijia studio usiku wa Alkhamisi baada ya Isha, simu mkononi, kioo kimepasuka pembe mbili, na kabla hajakaa akanisogezea usoni. Ilikuwa picha ya chati ya Marekani ya Machi 2021. Nafasi ya kwanza Drake, yule mchanaji wa rap, ya pili Drake, ya tatu Drake.

"Ami, umeona? Nyimbo tatu tu. Hajatoa albamu, hajatoa nini. Tatu, na zote zimekaa juu."

Studio naiita studio kwa heshima. Ni chumba cha uani hapa Jang'ombe, Unguja, magodoro mawili yamesimamishwa ukutani, blangeti limetundikwa mlangoni, na feni ambayo tukianza kurekodi lazima izimwe, kwa hiyo kila mstari wa rap unaotoka kwangu umechanwa na mtu anayechuruzika jasho. Kijana huyu, ambaye jina lake nitaliacha, alikuwa ameshanirekodia nyimbo kumi na nne kwa muda wa miaka miwili. Zimekwisha zote, ila miksi ya mbili tatu. Makubaliano yetu yalikuwa zitoke pamoja, albamu kamili. Usiku ule akabadilisha shauri: atatoa tatu, aziite EP, yaani albamu ndogo, na kila moja isizidi dakika mbili kwa sababu watu siku hizi hawana subira.

Nilimkubalia. Ndiyo sababu naandika, maana nilikuwa na umri wa kutosha kumkatalia.

Yaliyofuata hayana urefu. Tulichagua nyimbo tatu, tukakata. Ya kwanza na ya pili hazikupoteza kitu, zilikuwa na mafuta ya kupunguzwa. Ya tatu ilikuwa habari nyingine. Ni wimbo wa baba aliyekwenda Muscat mtoto akiwa chuoni bado anasoma alifu kwa kijiti, akasema anakwenda miaka miwili. Ubeti wa kwanza unaeleza safari: bahasha, kanzu mpya, mama anayekataa kufika uwanja wa ndege. Ubeti wa pili baba anapiga simu siku chache kabla ya Idi kuuliza mtoto anavaa kiatu namba ngapi, amletee. Mtoto anataja namba ya zamani. Anaijua ya sasa, lakini hataki baba ajue miaka imepita kiasi gani. Basi. Hakuna kilio, hakuna lawama, viatu vinafika na havimwingii.

Ubeti huo ndio tuliokata. Wimbo ulikuwa dakika tatu na sekunde arubaini, ukarudi dakika moja na hamsini na tano, na sote wawili tukapigana viganja kwamba sasa unakwenda mbio.

Zikatoka wiki moja kabla ya Ramadhani. Hesabu yake ilikuwa kwamba ni msimu wa vunja jungu, watu wako pwani, spika ziko nje, wimbo utashika. Na kweli kwa siku mbili tatu tulizisikia, hasa ile ya kwanza, kwenye gari za Bububu na katika mkusanyiko mmoja wa ufukweni. Kisha mwezi ukaandama. Asiyeishi Unguja huenda asielewe maana yake. Madereva wanatoa fleshi ya miziki na kuchomeka ya mawaidha na kaswida. Kumbi zinafungwa. Hata yule kijana mwenyewe asingethubutu kupiga wimbo wake barzani. Nyimbo tatu zikakaa kimya siku thelathini, na mtandaoni siku thelathini ni umri wa mtu mzima.

Sasa nirudi kwenye ile picha ya simu, kwa sababu haikuwa ya uongo. Ilikuwa kweli iliyokatwa ubeti wa pili.

Tarehe 5 Machi 2021 Drake, mchanaji wa Toronto, alitoa kifurushi alichokiita Scary Hours 2. Nyimbo tatu: "What's Next", "Wants and Needs" akiwa na Lil Baby, na "Lemon Pepper Freestyle" akiwa na Rick Ross. Zikaingia kwenye Billboard Hot 100, ndiyo chati ile ya Marekani, nafasi ya 1, ya 2 na ya 3 kwa mpigo. Kabla yake waliowahi kuzishika nafasi hizo tatu kwa wakati mmoja walikuwa Beatles mwaka 1964 na Ariana Grande mwaka 2019, lakini wao nyimbo zao hazikuingia zote pamoja wiki ile ile na kutua pale. Kutua moja kwa moja, tatu kwa tatu, yeye ndiye wa mwanzo. Kijana wangu hapo hakukosea.

Alichokosa kukiona ni kilichotangulia. Mwanzoni mwa 2021 watu walikuwa wakiisubiri albamu ya Certified Lover Boy, ambayo ilitarajiwa itoke Januari. Drake akawa anauguza goti baada ya upasuaji, akaiahirisha. Yaani kulikuwa na umati mzima umeshanawa mikono na chakula hakijaja. Mtu aliyefunga kutwa ukimpa tende tatu anakuombea dua wewe na wazazi wako. Mpe tende hizo hizo mtu aliyetoka kula biriani, atakuuliza za nini.

Na kama ufupi ndio uliompandisha, urefu ungemshusha. Haukumshusha. Juni 2018 alitoa Scorpion, nyimbo 25, zaidi ya saa nzima, na wiki ya kwanza nyimbo saba kati ya hizo zikakaa ndani ya kumi bora za Hot 100. Septemba 2021, miezi sita tu baada ya zile tatu, Certified Lover Boy ikatoka na nyimbo 21, na nafasi tisa kati ya kumi za juu zikawa zake. Tatu alipata, saba alipata, tisa alipata. Idadi anaichagua yeye, masikio yako palepale yanamngoja.

Kuna jambo jingine ambalo picha ya simu haiwezi kulionesha, kwa kuwa picha ni ya wiki moja. "What's Next" ilikaa nafasi ya kwanza wiki hiyo hiyo moja. Iliyofuata ikateremka, akapanda Cardi B. Weka hiyo pembeni ya kifurushi chake cha kwanza cha jina la Scary Hours, kile cha Januari 2018, ambacho kilikuwa na nyimbo mbili tu. "God's Plan" iliingia namba moja, ikakaa wiki 11. Mwenzake, "Diplomatic Immunity", uliingia namba saba, na ilipotoka Scorpion miezi mitano baadaye "God's Plan" imo, "Diplomatic Immunity" haimo. Msanii mmoja, jina moja la kifurushi, ufupi ule ule, lakini "God's Plan" umekaa kileleni karibu miezi mitatu na "What's Next" siku saba. Wiki ya kwanza jina linafanya kazi. Baada ya hapo wimbo unajitegemea, na ndipo utakapojua kama una miguu.

Hapo "God's Plan" ilikuwa na miguu, na akaiongezea viatu. Februari ile ile ikatoka video iliyopigwa Miami, ambayo bajeti yake imeandikwa mwanzoni kabisa: dola 996,631.90, na zikagawiwa watu, wanafunzi, wanunuzi dukani, familia. Sisemi kwamba ni sadaka safi, kamera ilikuwepo. Nasema kwamba wimbo mmoja ulipewa kila alichokuwa nacho. Kijana wangu alikuwa na kidogo, na kidogo hicho akakigawa mara tatu. Kipande cha video kila wimbo, pesa ya kuutangaza kila wimbo, marafiki wa kuusambaza wakawa hawajui wasambaze upi. Mmoja aliniambia alituma wa pili kwa sababu ndio uliokuwa na ukubwa mdogo kwenye simu.

Nikupe na kosa langu, maana la kukata ni langu zaidi kuliko lake. Tulichanganya vitu viwili. Kutoa nyimbo chache ni jambo moja, wimbo kuwa mfupi ni jambo jingine kabisa. Katika zile tatu za Drake, "Lemon Pepper Freestyle" una zaidi ya dakika sita, hauna hata kiitikio cha kushika, na uliingia namba tatu. Upande wa pili kuna Lil Nas X, ambaye "Old Town Road" yake ya mwanzo haifiki dakika mbili, na ukijumlisha toleo lile alilomshirikisha Billy Ray Cyrus ilikaa kileleni wiki 19 mwaka 2019. Mrefu umepanda, mfupi umepanda. Ukitafuta kanuni ya dakika hapo utaumwa kichwa.

Kwa nini basi kila mtu anafupisha? Sababu ipo, na haina uchawi. Spotify, ile programu ya kusikilizia muziki mtandaoni, inahesabu wimbo umesikilizwa mtu akishafika sekunde 30. Wimbo wa dakika mbili ukirudiwa mara mbili ni hesabu mbili, wimbo wa dakika nne ukisikilizwa mara moja ni moja, na muda uliotumika ni ule ule. Kwenye albamu hesabu ni nyingine tena. Kuanzia Julai 2018 hadi mwanzoni mwa 2026 Billboard ilikuwa ikichukua mara 1,250 ambazo nyimbo za albamu zimesikilizwa na wateja wanaolipia, au mara 3,750 za wasiolipia, na kuzifanya sawa na albamu moja iliyouzwa. Ukiwa na nyimbo ishirini na tano ndani ya albamu, shabiki mmoja akiacha simu inapiga usiku kucha anakujazia kapu. Ndiyo maana unakuta albamu ndefu zenye nyimbo fupi fupi. Kwenye Hot 100 kila wimbo unasimama peke yake, unapimwa kwa kusikilizwa mtandaoni, kupigwa redioni na kununuliwa, na hapo mwenye nyimbo tatu hana wa kumgawia mashabiki zake. Zile tatu za Machi 2021 zilifaa chati ile. Wala hazikuwa za kujaza kapu la albamu.

Haya, na huku kwetu nani anahesabu?

Ukitaka kujua wimbo umeshika Unguja, panda gari. Dereva ana fleshi, na fleshi ile kajaziwa na kijana wa duka la simu, ambaye naye kaitoa kwenye kompyuta ya mwenziwe, ambaye kaitoa sijui wapi. Wimbo umo kwenye memori kadi, umo kwenye makundi ya WhatsApp, umerekodiwa kwa simu kutoka spika ya harusi. Watu elfu wanaweza kuujua kwa moyo na kule kwenye programu hesabu inasoma mia. Mtu hafungui bando lake la shilingi mia tano asikilize wimbo kila siku mtandaoni wakati anaweza kuupata mara moja akakaa nao. Kijana wangu alikuwa anaamka na kutazama namba. Sekunde thelathini, mara mbili badala ya moja, yote hayo alikuwa kaanza kuyapigia hesabu, na wimbo wake ukipigwa kwenye gari tatu kati ya nne anazopanda, hilo hakuliweka daftarini.

Nilipomwambia habari ya Ramadhani, kwamba tumeingia shimo tunalolijua, alinijibu kwa hoja nzuri, nami sikuwa na jibu la papo kwa papo. Akanitajia Zuchu. Zuchu ni mtoto wa hapa hapa, mama yake Khadija Kopa. EP yake ya kwanza, I Am Zuchu, nyimbo saba, ilitoka Aprili 2020, na Ramadhani ya mwaka ule iliingia mwezi huo huo wa Aprili. Mbona haikumzamisha?

Nililala na swali hilo. Jibu nililonalo sasa ni kwamba yeye hakuwa anabisha hodi. Alitambulishwa na Wasafi ya Diamond, umati wa lebo ukageuza shingo kumtazama, na mmoja katika zile saba kaimba na mama yake, ambaye wapenzi wa taarabu wanamjua tangu Zuchu hajazaliwa. Masikio ya watu wawili wakubwa yalikuwa yameshamngoja. Wa namna hiyo mwezi mmoja wa kimya haumuui, watu watarudi. Sisi hakukuwa na wa kurudi, kwa kuwa siku zile tatu hazikutosha mtu kufika.

Aliyenifungua macho hasa hakuwa mtu wa rap hata kidogo. Ni mzee mmoja wa barza yetu ya kahawa, alipiga fidla miaka mingi katika vikundi vya mjini. Tulikuwa tumetoka tarawehe, kashata mkononi, nikamsimulia kisa kama kichekesho, kwamba vijana sasa nyimbo dakika mbili. Nilidhani atanguruma. Hakunguruma.

"Kwani sisi hatukukatwa?" akasema. "Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928, santuri ilikuwa inachukua kama dakika tatu upande mmoja. Wimbo wa taarabu dakika tatu hujamaliza hata kulipasha joto lile ganuni. Watu wakaenda, wakakaa mbele ya mashine, wakafupisha."

Nikamuuliza, na zilizokuwa hazifupishiki?

"Unageuza upande wa pili. Unaendelea." Akanywa kahawa. "Nyie upande wa pili mnaupeleka wapi?"

Nikamwambia tumeufuta. Akanitazama kama mtu aliyesikia nimetupa nusu ya samaki kwa sababu sahani ndogo.

Kuna na jambo la pili alilolisema, nalo nimelishika kuliko hata lile la santuri. Alisema mtu wa Unguja aliyenunua santuri ya Siti hakuinunua apate kumjua Siti. Alikuwa keshamsikia, au keshasimuliwa na aliyemsikia, na santuri ilikuwa ya kumweka nyumbani. Nikafikiri: ndiyo Drake huyo. Kifurushi cha nyimbo tatu ni cha kuwekwa nyumbani na watu wanaokujua. Anayetaka kujulikana anahitaji kitu kingine. Kwa maoni yangu anahitaji wimbo mmoja, mzima, uliopewa kila kitu, na muda wa kutembea kwa miguu yake kutoka gari hadi gari.

Wako wanaonibishia, na wana haki yao. Mwenzangu anayefanya kazi hii hii kule Mwanakwerekwe anasema nyimbo tatu ni bora kwa mgeni kwa sababu hujui upi utapendwa, basi tupa nyavu pana. Kwa mwenye jahazi kubwa na mabaharia, sawa. Kijana wangu ana ngalawa. Na kama Drake mwenyewe, kwa zile mbili za 2018, aliona mmoja tu ndio wa kuingia albamuni, mimi nani niseme zetu tatu zilikuwa sawa kwa sawa? Hazikuwa. Tulijua upi ni upi. Tuliujua tangu usiku aliourekodi, maana ubeti wa pili ulipokwisha hakuna aliyewasha feni.

Kwa bahati sikuwa nimeufuta. Nilimdanganya mzee bila kukusudia. Kwenye kompyuta ubeti ulikuwa umezimwa tu, umekaa pale pale chini ya ala kama mtu aliyejifunika shuka. Ramadhani sirekodi, mama hapendi na mimi mwenyewe sina raha, lakini kusikiliza kwa spika za masikioni sauti ndogo hakuna aliyenizuia. Kumi la mwisho nikamwita, nikamvisha, nikaufungua. Alisikiliza mpaka mwisho, akazivua. Akaniambia kuna neno moja analionea haya, alitamka vibaya. Nikamwambia liache.

Zile mbili nyingine tukaziondoa. Sikuwa na hakika kama ni busara, kwa kuwa watu wachache walikuwa wameshazipenda, na mpaka leo yuko mmoja ananidai ya kwanza. Zile kumi na moja hatukuzigusa. Wimbo wa viatu ukatoka mchana wa mkesha wa Idi, wakati Darajani hapapitiki kwa watoto wanaovutwa mikono kujaribishwa makubadhi, dakika tatu na sekunde arubaini kama ulivyozaliwa. Siku za sikukuu niliusikia mara moja nikiwa Mnazi Mmoja, kwa mbali, kwenye spika ya muuza aiskrimu, na sikuweza kujua kama ni yeye aliyeuchagua au ulipita tu.

Namba za kwenye simu hazikupanda ghafla. Kilichotokea ni kwamba baada ya siku kumi hivi kijana alikuja tena, kioo cha simu bado kimepasuka, akanionesha ujumbe wa sauti kutoka Muscat. Sauti ya mtu mzima tusiyemjua. Kafikiwa na wimbo kupitia kundi la watu wa Pemba walioko huko, umekatika mwisho, anauomba mzima. Chini yake wapo wengine wanne wanaomba vile vile, na hakuna anayetaka kiungo cha kufungulia mtandaoni. Wanataka wimbo wenyewe, faili, waweke kwenye simu.

"Ami, nitumie ile ya mwisho uliyoisafisha."

Nikamkumbusha kwamba ukiwatumia faili hautahesabiwa popote.

"Tuma tu," akasema.